Pumzi Kabla ya Tarumbeta

Sss-haa. Pumzi moja, fupi, ya mtu anayevuta hewa kwa pua iliyopinda.

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza anayoikumbuka Jaji, kabla ya mvua juu ya bati, kabla hata ya kuitwa jina lake. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa meza, na juu ya meza santuri ilikuwa inazunguka. Ngoma zinakwenda, magitaa yanakwenda, kisha vyote vikanyamaza ghafla kama watu waliomwona mgeni mlangoni. Katika ukimya ule mdogo ikaja pumzi. Mama yake akainua kidole.

"Umesikia? Huyo ni baba yako."

Tarumbeta yenyewe ilifuata, tamu, ikapanda na kushuka, lakini mtoto hakuijali sana. Tarumbeta inaweza kupigwa na mtu yeyote. Pumzi ina mwenyewe.

Baba hakuwaachia kitu kingine. Alisafiri na bendi mtoto akiwa bado tumboni. Wakaenda kupiga muziki miji ya mbali, akaugua njiani, akazikwa mahali ambapo wenzake, waliporudi, kila mmoja alipaeleza kivyake. Picha ilikuwepo moja, ya bendi nzima, ila mpiga picha alimkata pembeni. Baba alionekana kiganja tu, na mdomo wa tarumbeta. Mama aliitazama miaka na miaka, hadi siku moja akaigeuza ikatazama ukuta.

"Kiganja gani hiki," alisema. "Hata kovu hakina."

Ikabaki santuri. Ilikaa ndani ya foronya ya pamba, juu ya kabati, na ilikuwa na sheria yake: haitoki nje ya nyumba, na haiguswi ila kwa ruhusa. Mama alipoitoa alimweleza mwanawe habari ile ile, bila kuichoka.

"Baba yako alivunjwa pua na mpira utotoni. Akivuta pumzi utadhani mlango unakwaruza sakafu. Nilikuwa namsikia anakuja kabla sijamwona. Wewe umechukua pua yangu, shukuru."

Mtoto aliyelelewa hivyo angekuwa nani kama si msikilizaji? Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi kwenye duka la redio, akatengeneza vinanda vya santuri, akaanza kuulizwa habari za santuri zenyewe, na taratibu kuulizwa huko kukawa ndiyo kazi. Watu wanaokusanya santuri kongwe wana ugonjwa mmoja: wanataka ile ya kwanza. Wimbo mmoja uliweza kuchapwa mara nyingi, leo kiwanda hiki, mwakani kile, na kuna wajanja wanaochapa lebo mpya jana usiku na kuipaka chai ili ionekane imekula chumvi nyingi. Basi mtu akinunua, au akirithi, humletea Jaji amwambie alichonacho ni nini.

Jina la Jaji alipewa na fundi viatu, mwenye duka ambalo nyuma yake Jaji amepanga chumba. Chumba kina meza moja, taa yenye shingo ndefu, kioo cha kukuzia alichokiacha fundi saa aliyekuwepo zamani, na dirisha linalotazama kamba za nguo za jirani. Mteja akiingia na bahasha ya mraba kwapani, fundi viatu hupaza sauti bila kuinua kichwa kwenye soli.

"Jaji! Mshtakiwa mwingine huyu hapa!"

Naye Jaji hunawa mikono, akaikausha hadi katikati ya vidole. Huishika sahani ya santuri kwa ukingo, akainusa, kazi ngumu kidogo kwa sababu ya gundi ya viatu. Huiinamisha chini ya taa ili mwanga upite juu yake kimshazari. Mwisho huitazama sehemu anayoiamini kuliko zote, ule ukanda laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Hapo fundi wa kiwandani alikuwa anachora namba kwa mkono, kwa ncha ya chuma, kwenye kalibu ya kubania sahani, na kila sahani iliyotoka kwenye kalibu hiyo ilizaliwa na mchoro huo. Lebo hudanganya, jalada hudanganya, muuzaji ndiyo usiseme. Mkono wa yule fundi haukuwa na sababu ya kudanganya.

Mke wake alimtazama siku moja akiinusa sahani macho yamefumba.

"Ungenikagua hivyo siku ile ulipokuja kwetu," alimwambia, "ningezeekea kwa baba."

Jaji hucheka. Lakini kazi hii ina sehemu yake chungu, na hakuizoea kamwe. Ni pale anapopaswa kusema, "Si ya kwanza." Ameona madereva wastaafu wakikunja uso kama watoto walionyang'anywa kitu. Amejifunza kuyasema maneno hayo akiwa ameitazama sahani, asimtazame mwenye sahani.

Aliwahi kumwambia hivyo kinyozi mmoja. Kinyozi alikuja na wimbo ule ule, ule wa tarumbeta, umefungwa kwa taulo safi ya saluni. Sahani ilikuwa na uzito unaofaa na harufu inayofaa, na mchoro Jaji aliona kama unafaa. Kisha akaweka sindano. Ngoma, magitaa, ukimya. Tarumbeta ikaingia moja kwa moja.

"Hii ni nakala ya baadaye," Jaji alisema, akiitazama sahani. "Wameisafisha sauti. Ya kwanza ina pumzi kabla ya tarumbeta."

"Pumzi?"

"Pumzi."

Kinyozi akaikunja taulo yake vizuri, pembe kwa pembe, akaondoka. Baada ya hapo ikawa sheria miongoni mwa wakusanyaji: ya kwanza ndiyo yenye pumzi. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kuisikia pumzi ila Jaji kwenye sahani ya mama yake, wakawa wanamtania kwa wivu. "Wewe unayo peke yako, Jaji. Na hakimu ni wewe. Kesi gani hiyo?"

Mwaka huu akaja Mhariri. Ni msichana mchapakazi wa kampuni inayotoa upya nyimbo za zamani, ndani ya jalada nene lenye picha na majina ya wote waliopiga. Alikuwa amemtafuta mpiga ngoma wa bendi ile, mzee wa mwisho aliye hai, akayapata majina yote isipokuwa moja.

"Shikamoo mzee," alisema, akikaa kwenye kiti cha washtakiwa. "Nina shida na tarumbeta."

"Marahaba mwanangu. Tarumbeta ina nini?"

"Bendi ilikuwa na wapiga tarumbeta wawili, wanapokezana. Mzee wa ngoma anasema mmoja akilewa, mwingine anapanda jukwaani. Nikamuuliza, siku ya kurekodi wimbo huu alikuwa nani? Akaniambia, 'Mjukuu wangu, siku ile hata mimi sikumbuki kama nilikuwepo.'"

Jaji alicheka, halafu akamweleza habari ya pua. Mhariri akampigia simu mpiga ngoma pale pale, na sauti ya mzee ikasikika hadi kwa fundi viatu: "Pua! Eeh, yule wa pua! Tulimwita Pampu. Yule mwingine alikuwa anapumua kama binadamu."

"Basi imekwisha," Mhariri akasema. "Kama kuna pumzi hiyo kwenye wimbo, tunaandika jina la baba yako. Mzee, hiyo inatosha kabisa."

Jaji alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni. Mama yake anaishi nao, kwenye chumba cha upande wa jua. Sasa ni mzee sana, miguu imemgoma lakini ulimi bado kijana. Alisikiliza habari yote, kisha akauliza, "Wataandika kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Sijui, mama. Nitauliza."

"Uliza. Na waandike majina yote matatu. Wasije wakafupisha. Yule hakufupishwa popote." Akajifuta macho kwa upindo wa nguo. "Nilifikiri nikifa ndiyo mwisho wake. Kumbe ataandikwa."

Kuanzia hapo kila jirani aliyekuja kumjulia hali aliambiwa. Mume wake anaandikwa. Alisema hivyo kama mtu mwingine angesema mume wake anarudi.

Kisha Mhariri akaja tena, na bahasha nyeupe. Ndugu wa fundi mitambo wa kile kiwanda, ambacho kilifungwa zamani, walikuwa wamekuta kwenye sanduku la marehemu sahani ya majaribio, ile inayotoka kwenye kalibu kabla ya zote ili wakubwa wasikilize. Lebo yake ni nyeupe, haina neno.

"Haijachezwa hata kidogo," Mhariri alisema kwa furaha. "Tunataka sauti ya kutolea upya itoke humu. Tuthibitishie tu ni ya kweli, mzee, tuendelee."

Alipoondoka, Jaji aliweka sindano kabla ya kunawa mikono, jambo asilolifanya kamwe. Ngoma. Magitaa. Ukimya, safi kama sahani iliyooshwa. Tarumbeta.

Akarudisha sindano. Tarumbeta.

Akazima. Nje, jirani alikuwa anaanua nguo, zilizokakamaa kwa jua. Jaji akanawa mikono, akaikausha vizuri, akaanza kuitafutia sahani ile kosa. Hajawahi kutafuta kosa kwa hamu kama hiyo. Aliinusa akitamani harufu kali ya plastiki mpya, akakuta ile harufu ya zamani, ya kabati na vumbi tamu. Akaipima uzito kwa kiganja. Akalikagua tundu la katikati, ukingo, lebo, karatasi ya lebo. Kila alipogonga, mlango ulifunguka na ukweli ukamkaribisha ndani. Mwisho akaweka kioo jichoni, akatazama ule ukanda laini.

Namba ilikuwepo. Na mwisho wa namba, pale ncha ya yule fundi ilipoteleza, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele wa kope. Jaji aliufahamu unywele ule. Tangu utotoni alikuwa anaupapasa kwa ukucha kwenye sahani ya mama, akidhani ni mwanzo wa ufa. Sahani mbili zilitoka kwenye kalibu moja. Na kalibu moja huimba kitu kimoja kwenye sahani zake zote, hadi kikohozi.

Fundi viatu akachungulia. "Vipi, mshtakiwa ana kesi?"

"Hana kesi."

"Sasa mbona uso umekushuka?"

"Gundi yako."

Siku ya mapumziko alibeba taa, kioo na bahasha nyeupe akavileta nyumbani, maana ile nyingine haitoki nje. Mama aliitoa mwenyewe kwenye foronya.

"Shika ukingoni," alimwonya.

"Naam, mama."

"Naam, naam, halafu unaweka dole gumba katikati."

Jaji akaiinamisha chini ya taa. Ni ajabu, lakini hakuwahi kufanya hivyo. Santuri za mji mzima zilipita chini ya mwanga ule, hii haikupita. Mtu hamkagui baba yake.

Aliliona mara moja. Lilikuwa doa dogo la ukurutu, dogo kuliko punje ya mchele, limekatiza mistari mitatu ya mfereji. Ni hitilafu anayoifahamu kama anavyofahamu mkono wake: plastiki ikibanwa kabla haijapata moto wa kutosha, haijai mferejini, na sindano ikipita hapo hutoa mchakacho, kama mtu anayevuta hewa. Hutokea kwenye sahani moja, jirani yake ikatoka salama.

"Unamchambua mzee wa watu kama unamtafuta chawa," mama alisema. "Umeona nini?"

"Kovu kidogo."

"Kovu! Na wewe ukifika umri huo utakosa makovu?"

Akaweka sindano, akainamisha kichwa. Safari hii alijua pa kusikiliza. Chini ya ngoma, hafifu, sss-haa. Sahani ikazunguka mara moja. Chini ya magitaa, sss-haa. Sahani ikazunguka. Vyombo vikanyamaza, na ya tatu ikaangukia ndani ya ukimya, peke yake, wazi kama mtu aliyesimama mlangoni. Zilikuwa tatu tangu zamani zote, na mbili zilifunikwa na muziki. Hakuna binadamu anayepumua kwa kufuata mzunguko wa sahani.

Mama alikuwa ameinua kidole. Aliinua kila mara, hata akiwa amesinzia.

Jaji akakaa. Alitaka kujiambia kwamba baba yake amefutwa, lakini hata hilo halikuwa kweli, na ndilo lililomkata maini. Tarumbeta ile huenda ni yake. Huenda ni ya yule mwingine aliyepumua kama binadamu. Hakuna mchoro, hakuna harufu wala uzito wa kumwambia, na mtu wa mwisho aliyekuwepo hakumbuki kama alikuwepo. Mambo yote anayoyajua hayakumfaa kitu. Akamkumbuka kinyozi akiikunja taulo, pembe kwa pembe.

"Na hiyo nyeupe?" mama akauliza. "Si ndiyo ya kiwandani? Weka tuisikie."

"Mama, tuiache kidogo. Haichezwi ovyo."

"Mimi ndiyo ovyo? Weka."

Akaweka. Angefanyaje? Ngoma zilitoka mpya, kana kwamba wapigaji wamekaa chumba cha pili. Mama akatabasamu, akatikisa bega. Magitaa yakaja. Vyombo vikanyamaza, kidole kikapanda, na tarumbeta ikaingia. Kidole kikabaki juu, hakijui pa kwenda.

"Mbona hapumui?" mama akasema.

Jaji akainua sindano.

"Nakuuliza wewe. Mbona hapumui?"

"Ile sauti, mama... ile iko kwenye sahani yetu tu. Ni plastiki. Haikujaa vizuri kiwandani, sindano ikipita inachakacha."

"Plastiki."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimelala na mtu yule, simjui anavyopumua? Umjue wewe uliyezaliwa hayupo?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayemweleza mtoto njia ya dukani. "Hiyo nyeupe ni feki. Waambie ni feki. Si wewe Jaji?"

"Si feki, mama. Nimeikagua kila upande."

"Kinyozi wa watu ulimwambia yake si ya kwanza."

"Nilimkosea."

"Basi mkosee na huyu."

Jaji alimwangalia mama yake akiirudisha sahani ndani ya foronya, akiisukuma polepole kwa viganja vyote viwili, kisha akailaza mapajani na kuifunika kwa mikono. Mke wake alisimama mlangoni na sinia la chai, akaona nyuso zao, akaliweka chini na kutoka tena. Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya mama. Jaji alifikiria maneno mengi ya kumpooza, akayapima moja moja, na kila moja lilikuwa bandia.

Simu ikalia. Alikuwa Mhariri.

"Shikamoo mzee. Samahani kukusumbua nyumbani. Mchapaji ananisubiri na jalada. Ile sahani nyeupe vipi, ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Afadhali! Nilijua tu. Na baba je? Nitajie majina yote, niandike hapa hapa."

Mama alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. "Ni yule binti?" akauliza. "Mwambie matatu. Mwambie polepole asikosee."

Jaji akageukia ukuta. Akaiziba simu kwa kiganja, kama mtu anayekinga mshumaa, hadi midomo yake ikagusa ngozi ya mkono wake mwenyewe.

"Mpiga tarumbeta," alisema, kwa sauti ambayo Mhariri alilazimika kuacha kupumua ili aisikie, "andika hajulikani."